Uzito Ukae Chini

Watu wa hapa Gisenyi, nchini Rwanda, wakijua kwamba nilikuwa askari wa Jeshi la Wanamaji la Kenya huniuliza swali moja, na huliuliza huku wakicheka: mlikuwa mnapigana na nani huko baharini, samaki? Nami huwajibu kweli, kwamba tulikuwa tunapigana na kutu. Miaka yangu mingi katika kambi ya Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilipita katika kukwangua rangi, kupaka rangi, kubadilisha mafuta na kusikiliza mashine. Vita sikuviona. Kifo nilikiona, tena kingi, lakini hakikuletwa na adui.

Niliingia jeshini katikati ya miaka ya 1980, kijana wa Likoni aliyefaulu hesabu na kuanguka karibu masomo mengine yote. Jeshi lenyewe lilikuwa bado changa. Liliundwa Desemba 12, 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, na vyombo vyake vingi vilijengwa Uingereza. Mimi nilipangiwa KNS Mamba, boti la doria la mwaka 1974, kwenye chumba cha mashine. Wenzangu walinihurumia. Chumba kile hakina dirisha. Mashine za Paxman zikishanguruma hamsemezani ila kwa vidole, na harufu ya dizeli inakufuata hadi kwenye mto wa kulalia. Mimi nilipapenda siku ile ile.

Mkuu wetu wa mashine alikuwa mtu wa Lamu. Mbele ya maofisa tulimwita afande, tukiwa peke yetu tulimwita Mzee. Alikulia kwenye majahazi, na elimu yake ya manowari aliijenga juu ya elimu ile. Jahazi likishusha shehena na kurudi tupu, alituambia, lazima lipakiwe farumi, mawe au mchanga chini kabisa ngamani, maana chombo chepesi hupinduliwa na upepo mdogo tu. Basi akikuta sanduku la vipuri limeachwa sitahani hakukufokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, hili limepanda juu kutazama nini?" Unalibeba, unateremka nalo ngazi.

Kitu alichokichukia kuliko kutu ni tangi lililojaa nusu. Likijaa pomoni mafuta hayana pa kwenda, na likiwa tupu hayapo. Lakini likiwa nusu, meli ikilala kidogo kulia mafuta nayo hukimbilia kulia, yakazidisha kile ambacho tayari kimeharibika. Nimekutana na jambo hilo baadaye kwenye vitabu vya uhandisi, likiwa limevalishwa hesabu na michoro, na kila mara nilisikia sauti ya Mzee.

Ijumaa ya Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, mita chache tu kutoka gatini, karibu kabisa na kambi yetu. Ilikuwa imebeba watu wapatao 400, ilhali ilitakiwa kubeba 300. Walikufa 272. Wengi walikuwa wanakwenda kazini mjini, watu tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi, akina mama wa vitumbua, makuli wa bandarini, vijana wa viwandani. Tulitoka mbio na boti zetu. Yale tuliyoyatoa majini siku ile na siku zilizofuata siyaandiki hapa. Ninaandika tu kile nilichokiona kama fundi. Bahari ilikuwa imetulia, upepo haukuwapo, na ufuo ulikuwa ukionekana kwa macho. Chombo kikianza kulala, kila aliye ndani hukimbilia anakodhani pana usalama, na binadamu ni shehena inayotembea. Hakuna farumi inayoshindana nayo.

Mwezi ule ule, huku ambako sasa ni kwetu, yalikuwa yakitendeka Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Sisi Mombasa tulisikia kwa redio, kwa mbali, huku tukizika wetu. Msichana ambaye angekuja kuwa mke wangu alikuwa hapa Gisenyi. Aliyoyaona ni yake kuyasimulia, si yangu.

Jeshini niliondoka vizuri, kwa cheti na saluti. Lakini cheti cha jeshi hakimlishi mtu, na nimewaona wastaafu wengi wa majeshi yetu wakigeuka walinzi wa mageti ya watu huku mikononi mwao mna ufundi ambao kiwanda kingeulipia. Sababu ni karatasi. Jeshi linakufundisha kufungua mashine gizani, kisha linakutoa uraiani bila karatasi ambayo mwajiri anaweza kuisoma. Nilirudi darasani katika Polytechnic ya Mombasa, kipara kikiwa kimeanza, nikikaa dawati moja na vijana walioniita baba. Hisabati ilinitoa jasho. Mashine hazikunitoa jasho. Nilipomaliza nikazunguka karakana za bandarini, na mwaka 2008 rafiki mmoja dereva wa malori ya masafa marefu akaniambia kuna watu Rwanda wanatafuta fundi wa mitambo inayoelea. Nikamwambia Rwanda haina bahari. Akasema, nenda ukaone.

Nilifika kwa basi jioni, nikaona migomba ikiteremka mlima hadi kwenye maji. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Mpwani huihisi hewa hiyo kifuani. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba maji hayanuki chumvi, hayapwi wala hayajai. Niliuliza bamvua huwa siku gani, nikachekwa hotelini. Usiku nikasikia watu wakiimba ziwani. Walikuwa wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, wamefunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, taa zinamulika, wanapiga makasia kwa mpigo wa wimbo. Sambaza wenyewe si wenyeji hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanakaangwa wakakauka, wanaliwa na pilipili, mzima mzima, na kichwa. Hapo tu nilianza kusadiki kwamba huenda nikakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya gesi. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na chini kule maji yamebeba methani inayokadiriwa kilomita za ujazo 60 na hewa ya kaboni dioksidi kama 300. Watu wa hapa walianza kuifaidi zamani. Kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa 1957, kilichemsha mitungi yake kwa gesi ya ziwa iliyotolewa Rubona tangu miaka ya 1960. Nilipokuja mimi, nchi ilikuwa imeamua kuigeuza umeme, kwanza kwa mtambo mdogo wa majaribio hapa wilayani Rubavu, baadaye kwa mtambo mkubwa wa KivuWatt kule Karongi, uliozinduliwa 2016 ukitoa megawati 26.

Nieleze kidogo, maana watu wengi wanaoishi kando ya ziwa hili hawajawahi kuelezwa. Bomba refu linashushwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea hadi mita zaidi ya 300 chini. Unaanza kwa pampu, unavuta maji ya chini yapande. Yanapopanda, uzito wa maji juu yake unapungua, presha inashuka, na gesi iliyokuwa imeyeyuka inaanza kutoka kama mapovu. Mapovu yanayafanya maji yawe mepesi, kwa hiyo yanapanda yenyewe kwa kasi. Sasa unazima pampu, na bomba linaendelea bila kusukumwa na mtu. Mara ya kwanza kuzima ile pampu nilibaki nimeshika swichi, nikisubiri sauti ife. Haikufa. Ilizidi, mvumo mzito kama wa mvua inayokuja kwenye mabati, na sakafu ya chuma ikatetemeka chini ya buti.

Juu gesi inatenganishwa na maji, inaoshwa kwa maji ili kaboni dioksidi ipungue, kisha methani inakwenda nchi kavu kwenye injini. Pamoja nayo inatoka hewa nyingine, ile inayonuka mayai yaliyooza, na hiyo ndiyo adui halisi wa fundi. Inakula shaba. Nyaya kwenye masanduku ya umeme huwa nyeusi na kuoza. Pete yangu ya ndoa, ya fedha, niliivua usiku mmoja baada ya zamu nikaikuta imekuwa kama mkaa. Mke wangu aliikagua kwenye taa, akanitazama, akaikagua tena. "Baba Watoto, hiyo ni kazi gani inayochafua ndoa?" Tangu hapo pete hukaa kwenye kikombe kabatini siku za kazi.

Lakini kinachonifanya niandike ni yale maji yaliyokwisha toa gesi. Unayapeleka wapi? Mtu asiyejua angeyamwaga hapo hapo juu, maana ndiyo njia rahisi. Huwezi. Maji ya chini ya Kivu ni mazito kuliko ya juu, kwa chumvi na kwa hewa iliyoyeyuka ndani yake, inayoletwa na chemchemi za chini na moto wa milima hii ya volkeno. Yamelala kwa matabaka, zito chini, jepesi juu, na matabaka hayo hayachanganyiki. Ndiyo maana gesi haijatoka miaka yote hii. Ukiyamwaga juu maji yale mazito, unaua samaki na unaanza kulegeza kile kinacholishikilia ziwa zima. Kwa hiyo yanarudishwa kwa bomba jingine hadi kina kilichopangwa, na Serikali ina watu wanaopima ziwa ili kuhakikisha matabaka yako palepale. Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, mhandisi kijana aliyekuwa akitufundisha akakasirika. Sikuwa nikimdharau. Nilikuwa nimemkumbuka Mzee wa Lamu na ngama yake. Ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 limesimama kwa kanuni ile ile ya jahazi.

Na kanuni hiyo ikivunjika tunajua kinachotokea. Usiku wa Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilipinduka na kutema kaboni dioksidi iliyojikusanya chini yake. Hewa ile ni nzito, iliteremka mabondeni ikawakuta watu wamelala, wakafa wapatao 1,700. Sisi huku tunayo ndogo yake. Wenyeji wa Goma, upande wa Kongo, na wa Gisenyi huiita mazuku, inajikusanya kwenye mashimo ya miamba usiku, na asubuhi unakuta mbuzi amelala hana jeraha. Mtu mzima akipita amesimama huenda asihisi kitu, mtoto akiinama kuokota mpira anaanguka. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara maelfu, na pembeni yake wanaishi watu zaidi ya milioni mbili.

Ndoa yangu niliifungia hapa hapa Gisenyi, mahari yakatajwa kwa ng'ombe. Wakwe walikuwa wapole, lakini waliburudika sana kumwona Mpwani akizunguka ng'ombe kama anayetafuta swichi yake. Mke wangu ni mfanyabiashara. Alfajiri huvuka mpaka wa Petite Barrière na nyanya, maharage na vitunguu kwenda Goma, mchana amerudi na vitenge au pesa. Pale mpakani ni Kiswahili kinachofanya biashara, na cha kwangu cha Mombasa kilimfurahisha kwa muda. Kisha akaniambia ni kirefu mno, wateja hawana muda.

Zamu za jukwaani humtoa mtu nyumbani siku nyingi, kama doria. Na hapa nina jambo na wanajeshi wenzangu. Baharia akirudi hupenda kukagua. Kwa nini dumu liko hapa, nani amebadili kitanda cha watoto, mbona ada imelipwa nusu. Nyumba ambayo ilikuwa inakwenda bila yeye, anaingia katikati yake na buti zake na kuanza kuhamisha mizigo. Mke wangu aliona dalili hizo miaka yetu ya mwanzo, akanikalisha. "Baba Watoto," akasema, "hii nyumba ilikuwa inaelea kabla hujarudi." Hakusema zaidi. Tukapatana kwamba siku za mwanzo nikirudi mimi ni mgeni. Nakula ninachopewa, nasikiliza, narekebisha bomba nikiombwa. Ndoa nyingi za askari ninazozijua zingepona kwa mapatano hayo tu, na sioni kwa nini hayafundishwi kambini pamoja na kufunga mafundo.

Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, biashara yake ilikufa kwa siku moja, na mkataba wangu nao ukawa umekwisha. Kilichotulisha ni ikimina, kikundi chake cha akina mama wa kuweka akiba, ambacho mimi nilikuwa nimekiita mchezo. Fedha ilikuwa chini, mahali nisipoiona wala kuigusa, na ilitutosha mpaka kazi zikarudi.

Jumamosi usiku, Mei 22, 2021, mbingu upande wa Goma ikawa nyekundu. Mlima wa volkeno wa Nyiragongo ulikuwa umepasuka, kama ulivyopasuka 1977 na 2002. Baada ya saa chache tu watu wakaanza kuingia mjini kwetu kwa maelfu, magodoro kichwani, mbuzi, majenereta, bibi amebebwa mgongoni. Sebule yetu ikajaa. Mke wangu alipika uji hadi unga ukaisha, kisha akakaa mlangoni akitazama barabara, na hapo, kwa sauti ndogo, akanisimulia kitu kimoja kutoka 1994. Kimoja tu. Tulikuwa tumeoana zaidi ya miaka kumi. Sikuuliza cha pili. Vingine amekuja kunipa baadaye, kwa wakati wake, kimoja kimoja, hasa mwezi wa Aprili, ambao kwetu wote wawili ni mwezi mgumu.

Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Kuta za mji zilipasuka, barabara ikachanika, nasi tukalala uani chini ya turubai. Mei 27 wakuu wa Goma wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, kwa kuwa moto ulihofiwa kupita chini ya mji kuelekea ziwani. Sasa kila mtu mtaani akawa mtaalamu wa gesi. Binti yangu mkubwa akaniuliza mbele ya wageni wote, "Papa, ziwa litalipuka?"

Watoto hawafai kuambiwa "usiogope". Neno hilo halina kitu ndani yake, nao wanajua. Nilimwambia kinacholishikilia ziwa. Akafikiri, akasema, "Kama fanta ukiitikisa?" Nikamwambia karibu na hapo, ila kifuniko cha fanta hii ni maji yenyewe, zaidi ya mita 200 za maji yaliyolala juu ya gesi. Nikamweleza kwamba mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, ikaishia kama mita 100 chini, na gesi nyingi iko chini zaidi ya hapo, kwa hiyo haikuguswa. Nikamwambia pia kwamba waliopima wamekuta gesi imefika kama nusu tu ya kile maji ya kule yanachoweza kubeba. Akauliza, na hiyo nusu nyingine? Nikasema ndiyo maana baba yako anakwenda kazini. Bibi mmoja wa Goma aliyekuwa pembeni akasema kwamba alikuwa ameishi kando ya ziwa maisha yake yote na ile ndiyo mara ya kwanza mtu kumweleza. Sikulichukua kama sifa. Ni aibu yetu sisi wataalamu. Ripoti tunaandika, kwa lugha ambazo muuza sambaza hazisomi.

Binti huyo sasa anasomea ufundi wa mitambo. Kila likizo anasahihisha Kiswahili changu cha vipuri kwa Kiingereza cha darasani, namwachia.

Oktoba 3, 2024, nilikuwa nyumbani simu zilipoanza kulia. Meli ya MV Merdi, iliyotoka Minova, huko huko Kongo, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na vita, ilikuwa imepinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, wakati inakaribia kufunga kamba. Ilibeba watu wengi mno kuliko ilivyojengwa kubeba. Walikufa makumi, ndugu zao wakitazama kutoka gatini. Nilitazama zile picha za simu mara moja nikaizima. Tayari nilikuwa nimeziona miaka 30 nyuma: mchana kweupe, maji yametulia, ufuo uko pale pale.

Tunazungumza sana juu ya gesi ya Kivu, na ni haki, lakini mpaka leo wengi wanaouawa na ziwa hili hawauawi na gesi. Wanauawa na magunia yaliyopangwa juu na abiria waliopandishwa baada ya chombo kujaa. Wenye mamlaka pande zote mbili wana sheria za kutosha. Mkaguzi wa kusimama gatini alfajiri na kusema hapana ndiye anayekosekana, na kazi hiyo wangeweza kupewa wastaafu wa majini ambao sasa wanalinda mageti.

Mpaka hapo watakapopewa, mkaguzi ni wewe. Ukija kupanda boti hapa Rubavu, au Kituku, au Likoni, usianze kwa kuuliza nauli. Simama gatini utazame mizigo imewekwa wapi na mstari wa maji umefika wapi ubavuni. Ukiona magunia yako juu na watu wameketi juu ya magunia, shuka. Dai jaketi la kuokolea, na kama halipo, ngoja boti ya kesho.